Ukishapitwa, Piga Taa

Mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu wa digrii mbili na gari jipya, aliingia asubuhi moja amefura. Alikuwa ametoka Morogoro, akalipita lori karibu na Gairo, na dereva wa lori akampigia taa kubwa kwa nyuma. "Nimempita vizuri kabisa, wala sijamchomekea, halafu ananiwashia mataa! Hawa watu wa malori wana chuki na sisi wenye magari madogo." Wote pale ofisini wakamuunga mkono. Nilitaka kumwambia kwamba hakutukanwa, kwamba alifanyiwa wema na hakuwa hata na adabu ya kushukuru. Badala yake nikachukua simu yangu mezani. Nikatoka nje kama mtu aliyepigiwa simu.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba mahindi kutoka Kibaigwa, nyumbani kwetu, kupeleka popote tajiri wake alikomtuma. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, na hakujali sana kama najua kurudi nyuma au kuegesha. Alichokazania ni taa. Mtu akilipita lori lenye tela, alisema, yuko upande wa kulia, mbele kuna gari linakuja, roho iko juu, na hajui kama mkia wake umeshapita pua ya lori. Akikata kushoto mapema, mnagongana. Akichelewa, anakutana uso kwa uso na basi. Anayeona vizuri ni yule aliyepitwa. Basi huyo ndiye anapiga taa kumwambia umeshapita, rudi kushoto. Na aliyepita, akisharudi, anajibu kwa indiketa, kushoto mara moja, kulia mara moja, kwamba asante.

"Hamjuani na hamtaonana tena," aliniambia, "lakini umemrudisha njiani salama. Na ukipigiwa taa ukaacha kujibu, mama, nitashuka nitembee kwa miguu." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Alisema hivyo huku anacheka, lakini nilijua hatanii. Mkono wangu ukazoea. Nikipigiwa taa, indiketa inalia kabla sijafikiri.

Kisha macho ya baba yakaanza kusumbua. Presha ya macho, walisema, na ile haina huruma. Jicho la kulia likaenda kwanza. Baba akasema hakuna shida, la kushoto linasoma mpaka namba za magari. Tajiri wake, mtu mwenye utu, akaliegesha lile lori uani kwake akasema hatampa dereva mwingine mpaka madaktari waseme neno. Baba akashikilia ahadi hiyo kwa mikono miwili. Kila nikipiga simu ananiambia lori linamsubiri. Pale nyumbani alitembea bila kugusa ukuta, alijimiminia chai mwenyewe, alimwambia mama yangu kuku wameingia jikoni. Tulimwamini. Nani angetaka kutomwamini?

Siku ya kumpeleka kliniki mjini Dodoma niliamkia Kibaigwa. Mama alitusindikiza hadi kwenye gari akaninong'oneza, "Mwambie daktari asimvunje moyo." Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani na viatu vimeng'aa. Alikaa mbele kushoto kwangu, mahali pake, akashusha kioo kidogo, akaanza kunisimamia kama zamani. Punguza, kuna tuta. Ongeza, unalala. Nilikuwa na furaha, lazima niseme. Nilijiambia mtu anayejua tuta liko wapi hawezi kuwa kipofu. Sikukumbuka kwamba ile barabara aliipita maisha yake yote.

Tulipotoka Mbande tukakuta lori limeelemewa na magunia, linapanda taratibu. "Kuna lori mbele, nalisikia," alisema. "Kagua mbele kwanza, halafu mpite." Nikaangalia mbele, kweupe. Nikatoka kulia, nikakanyaga mafuta, tukaliacha. Dereva wake akapiga taa mara moja, kubwa, mchana kweupe, zikajaa kwenye kioo cha pembeni cha upande wa baba, pale pale alipokuwa ameelekeza uso. Nikarudi kushoto. Mkono ukafanya kazi yake. Indiketa ikalia kushoto, ikalia kulia.

Baba alikuwa ameshaanza kulalamika. "Umeona huyu? Hata taa hakupiga. Madereva wa siku hizi..." Alikuwa ameisikia indiketa. "Unamshukuru nani, mama?"

Ningesema nimeigusa kwa bahati mbaya, lakini yeye hakuwa mtu wa kudanganywa kuhusu gari. Alingoja kidogo. Kisha akapandisha kioo cha dirisha, taratibu, mpaka mwisho, akaweka mikono yote miwili magotini. Hakuniambia tena punguza wala ongeza.

Buigiri nilisimama. Watoto wa ile shule ya wasioona walikuwa wanavuka, wameshikana mabega, fimbo nyeupe mbele, wanacheka kwa jambo lao. Ningetoa chochote siku ile tusipite pale wakati ule.

"Mbona umesimama?"

"Watoto wanavuka, baba."

"Wa shule hii?"

"Ndiyo, baba."

"Waache wavuke. Usiwapigie honi."

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumgusa. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akakaa nalo muda mrefu. Akaanza kueleza habari za mshipa na dawa za matone. Baba akamkatisha kwa upole, akamwambia, "Binti yangu, nakushukuru. Niambie tu kama nitaendesha." Yule daktari akaniangalia mimi. Baba akasubiri, na ule ukimya ukamjibu kabla ya daktari. Akaitikia kwa kichwa, akaomba tajiri wake apigiwe simu. Nikampigia, nikampa simu. Alisema maneno machache: "Tajiri, mpe kijana mwingine lile gari. Mwambie breki za tela zinavuta kushoto kidogo." Akanirudishia simu.

Kwenye maegesho nilimfungulia mlango wa mbele. Akaupapasa, akaupita, akaendelea kushika bodi ya gari mpaka akaukuta mlango wa nyuma. Akaufungua mwenyewe akaingia.

"Baba, njoo mbele. Kiti chako ni cha mbele."

"Mbele anakaa mtu wa kukuangalizia njia," alisema. "Mimi nipeleke tu nyumbani."

Nikaondoa gari. Nilikuwa nimembeba baba yangu kama abiria, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na kila nilipokitazama nilihisi nimefiwa na mtu ambaye bado anapumua. Nililia kimya kimya kupita Ihumwa, nimebana midomo asinisikie. Kisha nikainua macho kwenye kioo cha kati. Baba alikuwa amekaa wima, uso mbele, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ukosi wa lile shati, na hakuwa anayafuta. Alikuwa ameendesha magari maisha yake yote, na sasa alisahau kwamba dereva ana kioo.