Kamioni Iliyopanda Kilima Kinyumenyume

Nilitoka Walikale na mutoto wa miezi saba, homa inamuwaka, hospitali iko Masisi, na kamioni yetu mupya ikakwama chini ya kilima. Moteri yake ya mazutu, yaani dizeli, inanguruma hata kifua kinatetemeka, lakini inasukuma na magurudumu ya nyuma tu, na yale yalizama matopeni.

Nyuma yetu ikafika kamioni nzee ya vita, ya esansi, yaani petroli, inakohoa, muzee mumoja kwenye usukani.

"Papa, hii itapanda kweli?" nikamuuliza.

"Mama, hii inavuta na magurudumu ya mbele na ya nyuma pamoja. Ingia."

Dereva wetu akacheka. "Na ile moteri? Iko mashini ya kushona nguo!"

Nikaingia na mutoto. Muzee akageuza kamioni, mugongo ukaangalia kilima, akatia vitesi ya kurudi nyuma. Nikalia, nikizani tunarudi Walikale!

"Tulia, mama. Vitesi ya nyuma njo inapita zote nguvu. Na pua ikiwa chini, esansi inateremukia moteri yenyewe."

Tukapanda vile, kinyumenyume, pole pole, na ile kamioni mupya ikawa ndogo kule chini kama kiberiti. Kwa mushangao nilisahau hata kuomba. Mutoto alipata sindano kabla ya jua kuzama. Tangu pale, mutu akijisifu nguvu, namuuliza inafika kwa magurudumu mangapi.

Mulangoni mwa hospitali muzee alivua kofia. "Mama, patron, mwenye kamioni, alikataza kubeba watu. Akisikia, atanifukuza."

Nikamushika mukono. Jina lake, nikamwahidi, sitaambia mutu yeyote.