Josefina wa Magari ya Stesheni

Ukishuka kwenye treni Korogwe ukauliza gari la kukodi, hutaoneshwa ofisi wala bango. Utaambiwa, "Mtafute Josefina." Na kumpata si kazi. Ni yule mwanamke aliyejifunga kitenge juu ya suruali, funguo zinaning'inia shingoni kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe.

Alianza na machungwa. Alikuwa akiyamenya na kuwauzia abiria madirishani, na miaka yote ile masikio yake yalinasa swali lile lile: nitapata wapi gari la kunifikisha Handeni? La Magoma je? Gari hakuwa nalo, ila alijua ni nani pale mjini ana gari linalolala uani wiki nzima. Akawa anamwombea mgeni gari la mwalimu, au la mwenye duka la dawa, naye anahakikisha linarudi limeoshwa na tangi limejaa. Hakuna aliyemwazima gari akajuta. Baadaye, umri ukiwa umeshakwenda, akajifunza udereva. Wanaume wa kijiweni walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu kila gari lilipomzimikia. Hakununa. Siku aliyopata leseni aliwanunulia wote chai na maandazi.

Gari lake mwenyewe, Prado kuukuu, alilipata mwishoni kabisa, na lilikuwa na sharti moja: haliondoki bila yeye kukaa kwenye usukani. Sharti hilo halikutoka hewani. Mteja mmoja alilivunja ekseli akaliacha porini, akapanda basi akaenda zake.

Basi masika fulani, treni ilifika jua likiwa limeshatoka. Akashuka mwanamume wa makamo, suti imekunjamana kwa safari, akimshika mkono bibi kizee mwembamba. Mwanamume yule aliitwa Abraham, raia wa Msumbiji. Bibi alikuwa mama yake, Veronika.

"Nataka gari, dada, ila dereva sihitaji," Abraham alisema. "Nimekodi magari kwenye stesheni za miji mingi ya watu. Unaonesha leseni, unapewa funguo, unaondoka."

"Huko ni huko, kaka. Hapa gari langu naliendesha mimi."

Abraham akaanza kubishana. Josefina akamwacha hapo hapo, akamwendea bibi aliyekuwa ameketi kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mkonge bado mnaukata?" Kiswahili chake kilitoka polepole, kama mtu anayepekua sanduku la zamani. "Mimi nilizaliwa huku, Magoma, kambini. Baba yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mkonge. Tulirudi kwetu nikiwa kigori."

Abraham akasogea, sauti imeshuka. "Wakati wa vita kule kwetu, mama alinibeba mgongoni tukikimbia, siku nyingi. Nilimwahidi kwamba hapa nitamleta mimi mwenyewe. Ndiyo maana nataka kuendesha."

Josefina alimkumbuka babu yake. Yeye naye alikuja kukata mkonge, akitokea Burundi, akafa akitamani kwao, hakuna wa kumpeleka. Josefina akaivua ile kamba ya funguo shingoni.

"Shika. Mimi nitakaa nyuma na bibi. Lakini njia ya huko naijua mimi. Nikisema simama, simama."

"Nimekubali."

Walikwenda vizuri. Bibi aliegemea dirisha akitazama milima, mara anatabasamu, mara anatikisa kichwa. Kabla hawajafika wakakuta mto umepanda juu ya barabara. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kasi.

"Simama," Josefina alisema.

Gari likapunguza mwendo, lakini likaendelea.

"Kaka, simama!"

Likasimama matairi ya mbele yakiwa yameshaguswa na maji. "Mbona hayana kina," Abraham alisema. "Ng'ambo si pale?"

Josefina akavua ndala, akavunja fimbo kichakani, akaingia majini taratibu akipapasa mbele. Ghafla fimbo ikazama yote, maji yakampokonya. Akarudi kinyumenyume, kitenge kimelowa mpaka kiunoni.

"Barabara imekatika hapo chini. Rudisha gari nyuma."

Abraham akarudisha gari, kisha akaupiga usukani kwa kiganja. "Nimetoka Msumbiji mpaka hapa! Nimwambie nini mama?"

"Usiniambie kitu," mama yake alisema. "Hapa tu pananitosha."

"Mimi hapanitoshi, bibi," Josefina akasema, na tayari alikuwa ameshika simu.

Alimpigia Sabiri, mkulima wa mpunga wa ng'ambo mwenye pawatila, lile trekta dogo la kulimia. Kisha akawaongoza mpaka kwenye kivuko cha magogo, juu kidogo ya pale, wanapopita wenye mashamba. Bibi miguu ilikuwa haimwezi. Josefina na Abraham wakashikana mikono wakamfanyia kiti, wakapita ubavuubavu. Katikati Abraham akasimama, macho yamenasa kwenye maji.

"Usitazame maji," Josefina alimwambia. "Nitazame mimi."

Alimtazama mpaka miguu ikakanyaga udongo.

Sabiri akawapakia kwenye trela lililotandikwa mabua. Kambini hapakuwa na kambi tena. Palikuwa na mahindi, na tangi la saruji lililopasuka. Bibi Veronika akaomba ashushwe. Akavua viatu, akaliwekea tangi kiganja, akaanza kuonesha kwa kidole katikati ya mahindi: hapa walikaa Wahehe, pale Wanyasa, pale aliishi mama mmoja mkali aliyetufukuza kwa ufagio, na hapa sisi. Mwenye shamba, Mashavu, alikuja mbio kuuliza ni akina nani hao wanaomkanyagia mahindi. Alipoelezwa, alikwenda kuvunja mengine, akayachoma, akamtandikia bibi mkeka.

Josefina alikaa kando na Sabiri, hakuwaharakisha.

Waliporudi kwenye gari, Abraham alimnyooshea funguo.

"Endesha wewe, dada. Mimi nakwenda kukaa na mama."

Josefina akaendesha taratibu, akiyakwepa mashimo. Huko nyuma bibi alikuwa akiendelea kuhesabu majirani wa zamani, na mwanawe akiuliza, "Halafu?" mpaka sauti zote mbili zikanyamaza kwa usingizi.

Kesho yake watu wa kijiweni walimwuliza kama siku hizi Prado linakodishwa bila dereva.

"Nani kasema?" alijibu, akiendelea kukwangua tope kwenye matairi. Kulikuwa na familia ya harusi inayomsubiri awapeleke Handeni, na bibi harusi alikuwa ameshapambwa.