Saa Niliyoiweka Kwenye Kamera

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi, na saa yangu ya mkononi sijawahi kuibadili tangu nivuke mpaka wa Rusumo. Kigali iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu inajirekebisha yenyewe, lakini ya mkononi nimeiacha kama ilivyo, nijue mama yangu kule Bukoba ameshaamka au bado. Wenzangu wananicheka, eti mwili umehamia Kigali, akili imebaki kwa mama. Wacheke tu. Wangejua saa hiyo imefanya nini wasingecheka.

Nilifunga kamera kwenye ofisi moja mtaa wa Kiyovu, hapa Kigali. Kazi yenyewe si uchawi: kamera inaona, waya unapeleka picha kwenye mashine ya kurekodia, mashine inaihifadhi kwenye diski na kuipiga tarehe na saa. Ili diski isijae upesi, tunaiambia irekodi pale tu kitu kinapotikisika. Korido ikiwa tupu, hairekodi kitu. Diski ikijaa, inafuta za zamani na kuandika mpya. Na saa? Saa mashine haiijui, inaambiwa na fundi siku ya kwanza. Mwenye ofisi alikataa iunganishwe na intaneti, kwa hiyo nikaiweka mwenyewe. Nikatazama mkononi, nikaandika. Mjinga mimi.

Pale palikuwa na dada mfanya usafi, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe. Siku nafunga waya alinigawia chai yake na mandazi, akanitania kwamba sisi Wahaya tunajisifu hata tukiwa juu ya ngazi. Nilimpenda kama ndugu.

Kisha ikaja Jumamosi ya umuganda, siku ambayo mji mzima unatoka kufanya kazi ya pamoja mitaani, na kompyuta ya mhasibu ikapotea. Dada alikuwa amekuja saa kumi na mbili asubuhi, akafanya usafi, na mlinzi akaandika kwenye daftari la getini kwamba ametoka saa moja na nusu. Akaenda kwao Kicukiro kushika jembe na majirani. Jumatatu meneja akaniita. "Tuonyeshe kama kuna mtu baada ya saa moja na nusu." Nikatafuta. Baada ya saa hiyo kamera ya korido ilikuwa na kipande kimoja tu: dada anatoka chumba cha mhasibu, mfuko mweusi mkononi, na juu ya picha imeandikwa saa mbili na dakika ishirini.

Dada akasema ule ni mfuko wa takataka. Akasema saa hiyo yeye alikuwa umuganda. Mlinzi naye akasema, "Mimi niliandika saa ile niliona." Meneja akawaambia wanalindana. Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, hii mashine iko inakosea?" Nikajibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo: "Mashine haina ndugu, bosi. Haimwonei mtu." Nilijiona nimesema la maana kweli! Picha ilimwonyesha akitoka. Hakuna iliyomwonyesha akirudi kuingia. Mimi fundi ndiye niliyepaswa kuuliza amerudi kwa njia gani, na sikuuliza. Dada alikitazama kipande kile mara tatu. Mara ya tatu akaacha kubisha. Wakamwandikisha barua ya kukiri, akaondoka siku hiyohiyo.

Mwezi na ushee baadaye nikaitwa kubadilisha kamera iliyoingia maji. Saa ya ukutani ilisema saa nne. Mashine ilisema saa tano. Nikatazama mkono wangu: saa tano. Loh! Nikakaa sakafuni katikati ya nyaya. Ile saa mbili na dakika ishirini ilikuwa saa moja na dakika ishirini, dakika kumi kabla mlinzi hajaandika. Dada alikuwa anatoa takataka, basi.

Na unajua nilifanya nini? Nilirekebisha saa. Kabla sijamwita mtu, kabla sijapiga hata picha ya kioo cha mashine, kidole kilishabonyeza. Nikitaka kujidanganya nasema ni mazoea ya kazi. Ukweli ni woga. Nilitaka kosa langu lisionekane, na kweli halikuonekana tena. Mashine ile ya bei nafuu haiweki kumbukumbu ya nani kabadili nini, na picha za Jumamosi ile zilishafutwa zamani. Nilipopata ujasiri wa kwenda kwa meneja, alitazama kioo, akatazama simu yake. "Saa iko sawa. Sasa unataka nini?" Nikaeleza, nikaapa. Akasema dada mwenyewe alikiri kwa maandishi, nisimletee maneno.

Nikapanda pikipiki mpaka Kicukiro. Nilimkuta dada anaanika nguo. Akanikaribisha vizuri, bila kinyongo, na hilo liliniumiza kuliko tusi. Nikamweleza yote, hata kile kidole changu.

"Kwa hiyo sikurudi?" akauliza.

"Hukurudi, dada. Hukuiba kitu."

Akakaa kwenye ngazi, shati la mtoto limemlowesha mapajani. "Lakini nilijiona," akasema. "Nimekesha siku ngapi nikijiuliza nilirudi saa ngapi, hiyo kompyuta nimeitupa wapi. Nikasema labda shetani amenitumia mwenyewe nisijue. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa zima, mume wangu na watoto wamekaa mbele pale, nikatubu."

Nikamwambia Jumapili inayokuja nitakwenda hapo kanisani, nisimame mimi, niseme ni kosa langu. Kusema kweli nilikuwa nalitaka hilo kwa ajili yangu pia. Akanishika mkono haraka.

"Usiende, kaka. Watasema nimetubu halafu nimerudi nyuma, natafuta wa kunitetea. Mume wangu ndio kwanza ameanza kula chakula ninachopika." Akainuka, akaendelea kuanika. "Tafadhali usiwaambie kitu. Wameshanisamehe."