Programu Yangu Imemwamkia Bibi Mara Tisa

Jamani, leo programu yangu imemwamkia bibi wa watu mara tisa, na kiboko hajatajwa!

Nipo Kibiti, kwenye kambi ya kunoa ujuzi wa kuandika programu. Tunaishi pamoja, tunakosoana, na kila kazi inajaribiwa na mwanakijiji.

Ya leo ilikuwa ujumbe wa simu wa kumwonya mkulima kwamba kiboko kaingia kwenye mpunga. Tungepiga kura, na programu itakayoshinda ndiyo ingetumika.

Mwenzangu Rehema aliandika maneno matatu tu: "Kiboko yupo shambani."

Nikawaka. (Mnanijua.) Nikahutubia robo saa nzima: mtu mzima haambiwi jambo kabla ya salamu, huo ni ushenzi!

Yangu ikaanza na shikamoo, ikasubiri "marahaba" ndipo iendelee.

Bi Mwanahawa, mjaribu wetu, akajibu kama watu wa huku wanavyojibu: "Marahaba baba, nyie huko hamjambo?"

Programu haikutarajia kuulizwa. Ikarudi mwanzo.

Shikamoo.

"Marahaba tena. Kwani tulishaagana?"

Shikamoo.

Mara ya tisa akaweka simu chini. "Mwanangu, angekuwa kiboko wa kweli, saa hizi angekuwa anasukutua."

Kambi nzima ikaangua kicheko.

Rehema kazoa kura zote, hata yangu, kwa shingo upande. Imemponyoka moja tu, ya Bi Mwanahawa, aliyenipa mimi. Anasema tangu anunue simu, ujumbe wangu ndio wa kwanza kumpa shikamoo.

Sasa jitokezeni mseme nimeshindwa!