Maduara Manne ya Fundi Saa

Jirani yangu fundi saa alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa hajampigia simu kwa miaka sita. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo kisa hiki cha tovuti utakiona kichekesho. Mimi mwenyewe mwanzoni nilikicheka.

Nina duka la fotokopi, kuchapa barua na picha za pasipoti, na ukuta mmoja tu ndio unaonitenganisha na kibanda chake. Kwake kuna meza ya kioo, lenzi ya kubana jichoni, makopo ya vipuri visivyo na mwenyewe, na stuli ya marehemu mkewe, aliyekuwa akipokea wateja. Ukiikalia, Fundi hakukaripii. Anaacha kazi, anakutazama hadi unanyanyuka mwenyewe. Siku nyingi mteja ni mmoja, tena wa betri. Kuna mchana nilimsikia akizungumza nikadhani kapata mgeni. Kumbe anaongea na saa ya mtu.

Siku moja akaja na daftari, akaomba nimtafutie programu ya kutengenezea tovuti, iliyo rahisi kwa mtu asiyejua chochote. Nikamuuliza tovuti ya nini, wakati wateja wake wote wanapita hapo hapo mlangoni.

"Kijana wangu alibadilisha namba, na mimi nikabadilisha, na kibanda nacho kimehama," akasema. "Akinitafuta, atanitafuta mtandaoni. Asiponikuta huko, atajua nimekufa."

Nikawasha kompyuta. Habari za ugomvi wao nilikuwa nazo. Kijana alifundishwa kazi kwenye meza ile ile, kisha akasema hawezi kuzeeka akibadilisha betri. Baba akapandwa na hasira, akamwambia aende na asirudi. Akatii.

Tukaanza kujaribu programu. Ya kwanza ilidai kadi ya benki kabla hata ya kutuamkia. Ya pili ilikuwa na vitufe vingi mno. Nikabofya kimoja, ukurasa mzima ukatoweka, na mpaka leo sijui ulikwenda wapi. Ya tatu niliipenda sana: ukurasa mmoja tu, unajaza jina, kazi, simu na mahali ulipo, umemaliza. Dakika kumi. Nikamwambia hiyo ndiyo yake. Akaikataa.

Aliyoipenda ni ya nne. Nayo haikuwa ngumu, unaburuta picha na kuiachia unapotaka, ila ilikuja na kurasa zake tayari, na mmojawapo uliitwa "Timu Yetu", wenye maduara manne ya kuweka sura za watu. Akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole. Hiyo, akasema.

"Timu gani, Fundi? Si uko mwenyewe humo ndani?"

Neno lilishatoka. Hakukasirika. Akanijibu taratibu kwamba ile nyingine haikuwa na mahali pa watu.

Basi tukajaza. Duara la kwanza, yeye. La pili, marehemu mkewe, na chini yake akataka niandike "Mapokezi". La tatu, mwanawe akiwa na miaka kumi na sita, lenzi jichoni, anacheka. Hapo akanitajia maneno: "Fundi msaidizi. Yuko safarini." Kwa duara la nne akaniomba picha yangu. Nikamwambia mimi nina duka langu, si timu ya mtu. Likabaki na kivuli cha kijivu cha kichwa kisicho na uso, na kila nikikiona roho inaniuma.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijamaliza kufungua, yuko mlangoni kuuliza kama kuna aliyeandika kwenye fomu ya mawasiliano. Mwezi wa kwanza aliandika mtu wa kutuuzia matangazo. Fundi akaomba nimchapie hata ujumbe huo.

Mwezi wa tatu ukaja ujumbe wenye jina la mwanawe. Niliusoma mara tatu kabla ya kwenda kumwita, nikitafuta namna ya kuulainisha. Haukulainika: "Naomba picha yangu itolewe kwenye tovuti yenu. Asante." Hakuna salamu. Hakuna baba.

Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani, akaivaa tena, akasoma upya.

"Yu mzima," akasema.

Nikamwambia kuitoa picha ni kubofya mara moja tu, na mkono nilishaupeleka. Akaufunika kwa wake.

"Usiitoe, jirani. Mjibu kwamba tumepokea ombi lake, tunalishughulikia. Tukiitoa leo, kesho ataniandikia kuhusu nini?"