Barua ya Mama John

Baba yangu, Bura Nicodemo, alikuwa karani wa kijiji chetu cha ujamaa kule Daudi, na nadhani kuna siku aliupenda ufunguo wa sanduku la posta kuliko sisi wanawe. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani. Kila Alhamisi alitembea hadi Mbulu mjini, akarudi na barua za kijiji kizima, akazigawa mwenyewe ofisini.

Ukutani alibandika tangazo la sheria ya posta. Ukifungua barua ya mtu mwingine, jela. Alitukariria hivyo mpaka tukachoka. Mwenyekiti aliwahi kumwomba achungulie barua ya mkwewe, baba akamjibu, "Hata wewe nitakupeleka polisi." Watu walimcheka, lakini walimwamini. Mimi nilijivuna.

Mwaka 1975, masika yalipoanza, mume wa jirani yetu Severina alifariki. Kwetu enzi hizo, hata kwa sisi Wakristo, nyumba yenye msiba ilikaa peke yake. Hakuna aliyeingia, wala kuwapa kitu mkononi, wala kupokea chao, mpaka wazee waseme imetosha. Safari hii ilichukua miezi mitatu.

Wiki ya pili ikaja barua ya Severina. Hakujua kusoma, na mtu pekee wa kumwandikia alikuwa John, mwanawe wa pekee, kibarua wa mashamba ya mkonge Tanga.

"Si usimame barabarani umwite, umsomee?" mama alimwambia baba.

"Nimsomee bila kuifungua? Na nifunguaje barua ambayo mwenyewe hajaishika? Mwache aomboleze, Efrazia. Barua haiozi."

Akaifungia kabatini ofisini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaona baba ana busara. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wazee walipotoa ruhusa, Severina alikuja siku hiyohiyo, kichwa kimenyolewa. Baba akampa barua kwa mikono miwili. Alikuwa anatabasamu, maskini, kama mtu aliyetunza vizuri mali ya mwenzake.

"Ifungue wewe, Baba Fransiska," Severina akasema, akimwita kwa jina langu. "Unisomee."

Akasoma. "Mama, nimelazwa hospitali, ni kifua. Daktari hanifichi. Naomba uje nikuone. Nakusubiri." Ilikuwa imeandikwa mwezi wa nne. Sasa ulikuwa wa saba, tulikuwa tunavuna maharage.

Severina hakulia. Aliomba lifti kwenye lori la mahindi, akaondoka na kanga mbili. Baada ya siku kumi alirudi na shati la John. Mwanawe alikuwa amezikwa mwisho wa mwezi wa tano. Nesi alimweleza kwamba kila basi lilipofika, John aliomba ageuzwe aangalie mlango.

Kesho yake Severina alikuja ofisini. Nilikuwa nafagia, nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba kwa upole uleule wa siku zote. Akamgeukia baba, akaonyesha ukutani.

"Nisomee hiyo karatasi. Yote."

Baba hakuhitaji hata kuitazama, lakini siku hiyo aliisogelea, akafuata maneno kwa kidole. "Ni kosa kwa mtu yeyote kufungua barua isiyo yake, kuiharibu, kuificha…" Kidole kikasimama. Sijawahi kumwona mtu akikaa muda mrefu hivyo mbele ya neno moja. "…au kuichelewesha."

"Hilo la mwisho lilikuwepo siku zote?"

"Lilikuwepo, Mama John."

Alimwita hivyo kwa mazoea. Severina akajifunga kanga vizuri, akatoka. Baba akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani, na sikumwona akiuvaa tena.