Mama Alishuka Sakafuni

Usiku ule niliota mchana. Jua la saa saba, lile la kwetu Ugogo kabla mvua haijaanguka, na mimi nimesimama mbele ya nyumba niliyowajengea wazazi wangu. Mama alikuwa ameshatimiza mwaka kaburini.

Niieleze kwanza hiyo nyumba, maana si kila mtu ana nyumba ya kueleza. Mimi ni Yona. Darasa la nne niliacha katikati, lakini muulize yeyote kijijini kwetu nani alianza kuezeka bati. Nilianza kwa kusomba maji na baiskeli, nikaingia kwenye mbuzi wa mnadani, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Wananiita Yona Bati, na mimi naitika. Tembe la baba, lile la kuta nene na paa la udongo, ambalo kuingia lazima uiname, nililibomoa kwa mikono yangu. Nikasema wazazi wa Yona hawainami tena. Nikasimamisha matofali ya saruji, bati jekundu linaloonekana toka barabarani, sakafu inayong'aa. Fundi aliacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Nikamwambia, ziba, matundu ni ya banda la kuku. Mti wa upande wa magharibi nikaukata kwa sababu ulikuwa unaficha bati. Badala yake nikafunga feni mbili.

Mama alifia humo, mchana, umeme umekatika. Baba alikuwa kisimani. Tulimkuta chini, shavu limelala kwenye saruji. Mimi ndiye niliyewatangazia watu: ameanguka kitandani. Nikakilaumu kitanda kwa urefu wake, nikakitoa, nikamnunulia baba kingine kifupi, na shuka jipya juu yake.

Siku ya msiba wanawake walitoka ndani mmoja mmoja na mikeka yao, wakahamia kwenye tembe la jirani. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye mdomo wake haulali, alinipita akijipepea na kanga.

"We Yona, humu ndani mtu akikanda unga tu, mandazi yameiva."

"Wivu huo, shangazi."

"Ningekuwa na wivu ningekaa ndani," akasema, akaenda zake.

Basi katika ndoto ile mama anatokea upande wa lile tembe nililolibomoa. Tembe lipo, na mimi sishangai. Kichwani ana karai la udongo uliokandwa, kama alivyobeba kila mwaka kabla ya mvua, yeye akiwa chini anapandisha na baba juu ya paa anapokea na kukandika. Gauni lake ni lile tulilomzika nalo. Ananipita karibu kabisa, nasikia udongo unanuka mvua.

"Shikamoo, mama."

Haitiki. Ngazi imeegemea nyumba yangu, sijui nani kaiweka. Anapanda. Nataka kumwambia bati litamuunguza, sauti haitoki. Anamimina udongo juu ya bati, anausambaza kwa kiganja, na kabla hajainua mkono umeshakauka, umeshapasuka, umekuwa vumbi, upepo umebeba. Anashuka kuchukua mwingine. Anapanda. Nataka kumpokea karai, lakini mikono yangu yote miwili imefumba misumari ya bati na haifumbuki.

Halafu tuko ndani. Sikuona mlango. Feni zimesimama. Pale nilipoziba matundu, saruji inatoka jasho. Mama amekaa kwenye kile kitanda cha zamani, kile kirefu, na mimi, naona aibu kuliandika hili, hata pale nilijisifu. Nikamwambia, "Mama, umeiona nyumba? Toka hapa mpaka stesheni hakuna kama hii."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyelala na viatu.

Kisha anashusha mguu mmoja. Anaukanyagisha. Anashusha wa pili. Anavua kandambili, anazipanga pamoja chini ya kitanda. Anashika mbao, anapiga magoti polepole, analala ubavu, anaweka shavu kwenye saruji. Mwisho anavuta gauni lifunike miguu.

Hapo moyo ukanipasuka, maana hivyo vitu nilivikuta siku ile. Kandambili zimepangwa. Gauni limefunika miguu. Niliviona kwa macho yangu na nikasema ameanguka.

"Sikuanguka, mwanangu," anasema, shavu haliinui. "Nilishuka. Huku chini kulikuwa na ubaridi kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeleta feni ya tatu."

Halafu akapapasa sakafu ubavuni pake. Pale pana unyevu wenye umbo la mtu, bega, nyonga, mtu mrefu mwembamba.

"Baba yako naye ameshaanza kushuka."

Nikaamka majogoo wanawika. Mke wangu alikuwa amekaa ananitazama.

"Toka saa ngapi mimi ni mama yako? Umeniita hivyo mara nne."

Nikavaa, nikachukua nyundo na tindo, nikawasha pikipiki mpaka kwa baba.

Alinifungulia akiwa wima, amejikaza.

"Asubuhi yote hii, mwanangu. Kuna msiba?"

"Shikamoo, baba. Unalala wapi?"

"Marahaba. Kitandani. Kitanda kizuri sana ulichoninunulia."

Shavu lake la kushoto lilikuwa na alama za mkeka. Nikaingia chumbani. Mkeka ulikuwa umekunjwa haraka haraka nyuma ya mlango. Na lile shuka, mwaka mzima kitandani, bado lina mikunjo ya dukani.

Nilipanda juu ya kiti, nikaanza kutoboa tundu la kwanza. Saruji yangu ni ngumu, sichanganyi mchanga mwingi mimi, na asubuhi ile niliilaani.

"Taratibu," baba akasema. "Watu wa barabarani wataona."

"Waone."

Kisha akasema kwa sauti ya fundi, ambayo sikuwa nimeisikia toka nilipobomoa tembe lake: "Lete fito na mabua. Tufunge dari, tukandike udongo juu ya dari. Ukiuweka juu ya bati hautakaa."

Sikuwa nimemwambia ndoto.

Dari tumeikandika. Bati nimelipaka chokaa, limekuwa jeupe, watu wanacheka. Mti nimepanda, una urefu wa goti. Mama hajarudi, na ile shikamoo hajaipokea mpaka leo.

Nimeandika haya kwa sababu mabati ya kijiji kizima yametoka dukani kwangu. Nyie mlionunua, nendeni mkawaulize wazee wenu wanalala wapi. Watawajibu, kitandani. Msibishane nao. Tazameni shuka.